Kuongeza Matiti kwa Mwanamke Transjenda: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kisu

Utangulizi

Masumbwe ni mji mdogo wenye shughuli nyingi. Umo katika Wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na mpaka wa Rwanda. Hadi mwaka 2012 eneo hilo lilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ndipo Mkoa wa Geita ulipoanzishwa. Dhahabu imewaleta huko watu wa makabila mengi. Wapo wanaoshuka kwenye maduara, wapo wanaosaga mawe kwenye makarasha, wapo wanaoosha mchanga kwenye mialo, na wapo wanaowapikia na kuwauzia hao wote. Katika mkusanyiko wa namna hiyo hufika kila aina ya mwanadamu, na kila aina ya haja ya afya hufika pamoja naye.

Miongoni mwa haja hizo ipo moja ambayo mhudumu wa zahanati huenda hakufundishwa darasani: mtu aliyesajiliwa kuwa mwanamume alipozaliwa, lakini anayejitambua kuwa mwanamke, anauliza namna ya kupata matiti. Swali hilo likipuuzwa halitoweki. Huhamia kwenye duka la dawa muhimu, au kwa mtu mwenye sindano na chupa isiyo na lebo. Somo hili linaeleza mambo ambayo mteja na mhudumu wanapaswa kuyapima kabla ya uamuzi wowote, na hatari ambazo mtu wa ukanda wa dhahabu huzibeba kuliko wengine.

Maana ya maneno

Jinsi ni hali ya mwili wa kiume au wa kike kama inavyotambuliwa wakati wa kuzaliwa. Jinsia hugusa namna mtu anavyojitambua na anavyoishi katika jamii. Mwanamke transjenda ni mtu ambaye wakati wa kuzaliwa alisajiliwa kuwa wa kiume, lakini hujitambua kuwa mwanamke. Hali hii si sawa na hali ya mtoto aliyezaliwa na maumbile ya uzazi yasiyo bayana. Huyo huhitaji uchunguzi wa aina nyingine. Wala si sawa na mvuto wa kimapenzi, ambao ni jambo jingine kabisa.

Katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, kutolingana kwa jinsia kuliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya kujamiiana. Maana yake kwa mhudumu ni nyepesi kuielewa: mteja anayeleta swali hili hapaswi kuchukuliwa kuwa mwendawazimu. Anaweza kuwa na sonona au hofu, kama mtu yeyote aishiye kwa kujificha, na hayo hutibiwa kwa haki yake.

Lugha ya Kiswahili humrahisishia mhudumu kazi, kwa kuwa neno “yeye” halitenganishi mwanamume na mwanamke. Ugumu hutokea kwenye “kaka” na “dada”, au jina linapoitwa kwa sauti mbele ya foleni. Inatosha kumwuliza mteja faraghani angependa aitweje, kisha kutumia jina la kitambulisho kwenye nyaraka zinazolihitaji kisheria.

Titi hukuaje

Kila mwanadamu huzaliwa na chembe za titi. Kwa msichana anayebalehe, homoni ya estrojeni huziamsha mirija ya maziwa, na mafuta hujaa kuizunguka. Kwa mwanamke transjenda anayetumia estrojeni chini ya uangalizi wa daktari, tezi hizo hizo huamka kwa njia ile ile. Uvimbe mdogo wenye maumivu nyuma ya chuchu huanza kwa kawaida kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na ukuaji hufikia kilele chake baada ya miaka 2 hadi 3.

Kilele hicho mara nyingi ni cha chini kuliko mteja alivyotumaini. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja wa homoni, wengi wa wanawake hao walikuwa na ongezeko dogo tu la kifua. Wala kuongeza dozi hakuongezi ukubwa wa titi. Huongeza hatari ya damu kuganda.

Kutokana na hayo, madaktari wengi wa upasuaji hupendekeza mteja atumie homoni kwa angalau miezi 12 kabla ya kuwekewa vipandikizi, na wengine hushauri kungoja zaidi. Sababu zake ni mbili. Kwanza, huenda titi likakua kiasi cha kumtosheleza mwenyewe bila kisu. Pili, ngozi iliyokwisha kunyooka na tezi iliyokwisha kukua hukifunika kipandikizi vizuri zaidi, na matokeo huonekana ya asili.

Jambo moja lazima lisemwe mapema: titi lililokua kwa homoni halirudi nyuma dawa zikiachwa. Anayeanza homoni ameanza safari ambayo sehemu yake haina njia ya kurudia isipokuwa kwa upasuaji.

Njia za mkato na gharama yake

Watu wasiofikiwa na daktari hujitibu wenyewe. Dawa inayopatikana kwa wepesi ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Estrojeni iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo ni ethinilestradioli. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, takwimu za madaktari wa Uholanzi zilionyesha kuwa wanawake transjenda waliotumia aina hiyo ya estrojeni walipata damu kuganda kwenye mishipa mara nyingi zaidi kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo sababu kliniki zinazofuata miongozo ya leo zimeiacha na kutumia estradioli, ya kumeza, ya kupaka, ya kubandika au ya sindano. Mtu anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango viwili au vitatu kwa siku ili “matiti yatoke haraka” anajiongezea hatari hiyo kwa mikono yake.

Wengine huchoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Sindano hiyo ina projestojeni pekee, haina estrojeni. Haiwezi kujenga titi kama inavyodhaniwa.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko zote ni kuchomwa kimiminika moja kwa moja kwenye kifua: silikoni ya maji, mafuta ya aina mbalimbali, au kitu ambacho mchomaji mwenyewe hakijui. Kimiminika kikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa kwa saa chache. Kisipomwua, hubaki mwilini, kikihama, kikifanya mabonge magumu, kikioza na kutoboa ngozi hata baada ya miaka mingi. Hakuna daktari anayeweza kukitoa chote. Tena mabonge hayo huficha saratani ikitokea, kwa sababu picha ya titi haisomeki tena.

Kipandikizi na historia yake

Neno “kipandikizi” wengi Tanzania hulijua kwa vijiti vya uzazi wa mpango viwekwavyo mkononi. Hapa maana yake ni mfuko wa ganda la silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi, unaowekwa nyuma ya tezi ya titi au nyuma ya msuli wa kifua.

Mwaka 1895, Vincenz Czerny, daktari wa Heidelberg nchini Ujerumani, alijaza pengo la titi kwa uvimbe wa mafuta alioutoa mgongoni kwa mgonjwa huyo huyo. Baadaye watu walichomwa nta ya mafuta ya taa, na maelfu wakajuta. Vipandikizi vya kwanza vya jeli ya silikoni viliwekwa mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow, kwa mwanamke aliyeitwa Timmie Jean Lindsey. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia vipandikizi vya jeli kwa matumizi ya kawaida hadi usalama wake uthibitishwe, na kizuizi hicho kililegezwa mwaka 2006. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kuwa kampuni ya PIP ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell vyenye ganda la kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa kinga iitwayo limfoma, inayoota katika utando unaozunguka kipandikizi.

Historia hiyo haikuwekwa hapa ili kutisha. Inafundisha mambo matatu ya kutenda. Kwanza, mteja aulize jina la kampuni, aina ya ganda na namba ya kipandikizi, kisha atunze kadi yake kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa. Pili, kipandikizi ni kifaa tiba. Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kifaa kilicholetwa mfukoni na mtu binafsi hakina mdhamini. Tatu, kipandikizi si cha maisha. Mwenye kuwekewa akiwa na miaka 28 atarajie kurudi mezani pa upasuaji angalau mara moja nyingine katika uhai wake, na ajiulize leo nani atalipa siku hiyo.

Kifua chenyewe

Mwanamke transjenda aliyepita balehe ya kiume huwa na kifua kipana, msuli wa kifua mnene, ngozi iliyokaza, chuchu ndogo na iliyokaa upande wa nje zaidi. Kwa hiyo, kipandikizi kile kile kilichompendeza mwanamke mwingine huonekana kidogo kwake, na pengo katikati ya matiti hubaki pana. Kipandikizi kikubwa kupita kiasi hukaza ngozi, huongeza maumivu, na huweza kushuka chini ya mkunjo wa titi. Daktari mwangalifu humpimia mteja upana wa kifua chake mwenyewe, wala hapokei picha ya mtu mwingine kuwa kipimo.

Mkato hupitishwa chini ya titi, kwapani, au ukingoni mwa duara la chuchu. Kwa watu weusi, kovu linaloinuka na kutanuka ni jambo la kuzungumzwa waziwazi. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo baada ya kutoboa sikio au kuchanjwa amweleze daktari.

Njia nyingine ni kuchukua mafuta ya mteja mwenyewe tumboni au mapajani na kuyapandikiza kifuani. Hakuna kifaa cha kigeni kinachobaki, lakini sehemu ya mafuta hunyonywa na mwili, na mtu mwembamba hana mafuta ya kutosha. Ipo pia njia isiyo na kisu, nayo ni sidiria yenye pedi au titi bandia la kuvaa. Kwa mtu anayehitaji mwonekano fulani mahali fulani na mwingine mahali pengine, njia hiyo huwa na heshima yake. Huvaliwa na kuvuliwa, na haimdai chochote.

Mambo ya Masumbwe yanayogusa upasuaji

Vitabu vya ughaibuni havitaji vumbi la karasha wala zebaki. Mhudumu wa ukanda wa dhahabu hana budi kuvitaja.

Mapafu. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika. Aliyelivuta kwa miaka anaweza kuwa na makovu ya mapafu, na hatari ya kifua kikuu humwongezeka. Kuongeza matiti kwa vipandikizi hufanywa kwa kawaida chini ya nusukaputi, na mapafu yaliyochoka huifanya nusukaputi kuwa ya hatari. Mchimbaji anayekohoa apimwe makohozi na kupigwa picha ya kifua kabla ya kufikiria upasuaji wa hiari.

Figo. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huharibu figo na mishipa ya fahamu, hasa mvuke wake inapochomwa. Spironolaktoni, dawa inayotumika na wengi kuzuia homoni ya kiume, hupandisha potasiamu katika damu, na figo mbovu haziwezi kuiondoa. Moyo huweza kusimama. Kipimo cha kreatinini na potasiamu ni lazima kwa mtu aliyekaa kwenye mialo.

Ini. Kichocho cha tumbo kimeenea katika Kanda ya Ziwa, na homa ya ini aina ya B ipo pia. Vyote viwili hudhuru ini, na ini ndilo linalochakata homoni.

Damu. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa kila mwaka na selimundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Mwenye ugonjwa huo yumo hatarini katika nusukaputi na katika matumizi ya estrojeni. Hata mwenye kubeba vinasaba bila kuugua amweleze daktari, kwa kuwa damu yake nayo huelekea kuganda zaidi kidogo.

Virusi vya UKIMWI. Maambukizi hayamzuii mtu kufanyiwa upasuaji, mradi virusi vimefubazwa na kinga ni nzuri. Dawa zenye dolutegravir hazigombani na estradioli. Efavirenz huweza kuipunguza katika damu. Mteja asiache kamwe dawa za kufubaza virusi kwa ajili ya homoni.

Kazi. Kwa wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji mtu hapaswi kunyanyua mzigo mzito. Asiyeweza kukaa wiki hizo bila kubeba kiroba cha mawe, ndoo za maji au sufuria la kuwapikia wachimbaji, na asiye na mtu wa kumlisha, hajawa tayari, hata kama ada ya hospitali anayo.

Umbali. Upasuaji huu haufanywi zahanati wala kituo cha afya. Unahitaji daktari bingwa wa upasuaji rekebishi aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, daktari wa nusukaputi, na wodi ya kulaza. Miongoni mwa hospitali kubwa za rufaa za Kanda ya Ziwa ni Bugando, jijini Mwanza, safari ya saa kadhaa. Huduma za upasuaji rekebishi na urembo zimeanzishwa pia Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam. Kama hospitali fulani itampokea mwanamke transjenda kwa ajili hiyo, ni jambo la kuulizwa kabla ya kupanda basi. Kliniki zilizobobea kwa watu transjenda zipo mbali zaidi, kama ile ya Groote Schuur mjini Cape Town. Damu inayovuja ndani ya titi hutokea mara nyingi katika siku ya kwanza au chache zinazofuata. Kwa hiyo mteja akae karibu na hospitali kwa wiki moja au mbili, asirudi Masumbwe kesho yake. Safari ndefu ya basi au ya ndege mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda mguuni.

Kisa cha mafunzo

Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mtu wa miaka 27, anayepika chakula karibu na maduara, anafika kwa tabibu kuuliza ni hospitali gani huweka matiti. Anavuta sigara. Kwa miezi 8 amemeza vidonge viwili vya uzazi wa mpango kila siku. Mwishoni mwa mazungumzo, akiwa ameshika mlango, anasema kwamba mguu wa kushoto umevimba tangu juzi, lakini huenda ni kwa kusimama sana.

Tabibu aliyecheka mwanzoni hatalisikia neno hilo la mwisho, maana mteja atakuwa ameshaondoka. Tabibu aliyesikiliza atamrudisha kwenye kiti, atapima mzunguko wa ndama za miguu yote miwili, atauliza kuhusu maumivu ya kifua na kukosa pumzi, atamwambia asimamishe vidonge hivyo, na atampa rufaa siku hiyo hiyo kwenye hospitali inayoweza kuthibitisha na kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Bonge la damu kwenye mguu likihamia mapafuni huua mtu mwenye nguvu zake. Swali la vipandikizi litangoja miezi kadhaa. Mguu haungoji hadi kesho.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba swali la matiti mara nyingi ndilo mlango pekee ambao mtu wa namna hii huutumia kuingia hospitalini. Akipokewa vizuri mlangoni, hupimwa shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na yote mengine. Akifukuzwa, hospitali humwona tena akiletwa na wengine.

Hatari za upasuaji na uangalizi wa baadaye

Mteja aelezwe kwa lugha anayoielewa hatari zifuatazo: damu kuvuja, usaha, ganzi ya chuchu, matiti kutolingana, kovu baya, kipandikizi kupasuka, na utando wa asili unaokizunguka kipandikizi kukakamaa hadi titi liwe gumu na lenye maumivu. Uvutaji wa sigara hudhoofisha uponaji. Uachwe angalau wiki 4 kabla na baada. Kama estrojeni isimamishwe kwa muda au iendelee, huo ni uamuzi wa daktari wa upasuaji na wa nusukaputi kwa kila mteja.

Dalili zinazomrudisha mtu hospitalini bila kungoja ni homa, titi moja kuvimba ghafla, wekundu unaoenea, majimaji kutoka kwenye mshono, maumivu ya ndama ya mguu, na kukosa pumzi. Uvimbe mpya wa titi unaotokea baada ya miaka mingi usidharauliwe. Majimaji yake yachukuliwe na kupimwa, kwa ajili ya ile limfoma adimu.

Kipandikizi cha jeli huweza kupasuka kimyakimya. Mamlaka ya dawa ya Marekani inapendekeza picha ya kwanza baada ya miaka 5 hadi 6, kisha kila miaka 2 hadi 3. Kipimo cha ultrasaundi kinakubalika, na hicho ndicho mtu wa Geita au Shinyanga anachoweza kukipata kwa urahisi zaidi.

Saratani ya titi haina budi kukumbukwa. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake transjenda 2,260 ulikuta 15 waliopata saratani ya titi iliyopenya. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya wanaume, na ni ndogo kuliko ya wanawake wengine. Baadhi ya miongozo hushauri picha ya matiti kuanzia miaka 50 kwa aliyetumia estrojeni kwa miaka 5 au zaidi. Mwenye mama, dada au shangazi aliyeugua saratani hiyo aseme mapema.

Sheria, siri na usalama

Mteja ana haki ya kujua mazingira ya sheria kabla ya kuubadili mwili wake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 154, huadhibu kwa kifungo kirefu matendo inayoyaita kinyume cha maumbile. Kifungu hicho huhusu matendo. Hakitaji kuomba ushauri wa daktari. Hata hivyo, mwonekano wa mtu huweza kuzua shuku, kejeli, kufukuzwa nyumba ya kupanga na hata kipigo. Kupata matiti hakubadili jina wala jinsi kwenye kitambulisho, na mtu huweza kujikuta na mwili usiolingana na karatasi zake kituo cha mabasi, benki, au mpakani.

Nchini Kenya suala la karatasi lilifika mahakamani. Audrey Mbugua, mwanaharakati wa haki za watu transjenda, aliiomba Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani kubadili jina kwenye cheti chake cha sekondari. Mwaka 2014 mahakama iliamua kwa upande wake. Kesi hiyo inaonyesha kwamba, kwa mtu aliyekwisha kubadili mwonekano, cheti kisichomtambua kilikuwa kikwazo cha ajira na maisha. Tena inaonyesha kwamba utatuzi wake ulihitaji miaka na mawakili.

Kwa mhudumu, siri ya mteja si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Katika mji ambao mpishi, mwenye karasha na muuguzi hununua mboga kwenye genge moja, neno moja lililotoka chumba cha tabibu huweza kumgharimu mtu makazi yake au uhai wake. Barua ya rufaa iandike kinachohitajika kwa tiba, na ipelekwe ikiwa imefungwa. Mhudumu ambaye dhamiri yake inasita katika suala hili bado anadaiwa mambo matatu: kutibu dharura, kutunza siri, na kumwelekeza mteja kwa mwingine bila kumdhalilisha.

Namna ya kufikia uamuzi

Uamuzi mzuri huwa na majibu matatu yanayokubalika: ndiyo, hapana, na bado. “Bado” si kushindwa. Kwa mtu aliyetumia homoni kwa miezi 5 tu, mwenye kikohozi kisichopimwa, au asiye na mahali salama pa kulala akitoka hospitalini, “bado” ndilo jibu la daktari mwenye kumtakia mema. Na “ndiyo” ya mtu aliyengoja, akapimwa, akaelewa hatari na akajiandalia fedha za leo na za upasuaji wa pili, istahili kusikilizwa kwa uzito ule ule apewao mteja mwingine yeyote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mteja anasema vidonge vya uzazi wa mpango ndivyo estrojeni pekee anayoweza kuinunua. Ni hatari gani apewe maelezo yake, na ni dalili zipi afundishwe kuzitambua?

2. Kwa nini daktari hupendelea angalau miezi 12 ya homoni kabla ya vipandikizi?

3. Mchimbaji aliyekaa miaka 6 kwenye mwalo ameandikiwa spironolaktoni. Ni vipimo gani vitangulie, na kwa nini?

4. Barua ya rufaa kutoka Masumbwe kwenda Mwanza iandikwe nini, na iache nini, ili tiba ipatikane na siri isivuje?

5. Mteja aliyewekewa vipandikizi nje ya nchi miaka 7 iliyopita amefika akiwa hana kadi, na titi moja limevimba. Hatua za kwanza ni zipi, na apelekwe wapi?